Niliipitisha Vali Isiyokuwepo

Bi Zubeda mpendwa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Mayfair, sijawahi kuandikia gazeti lolote ila safari hii nimeshikwa pabaya, naomba unishike mkono kwa sababu tangu Jumamosi nikifumba macho naona bomba.

Tulitoka Tanga mimi na mume wangu miaka minne iliyopita tukapokewa na kaka yake, shemeji yangu, nitamwita Burhani ingawa si jina lake, tukalala sebuleni kwake mwaka mzima bila yeye kutununia hata siku moja, na yeye ni fundi bomba mwenye cheti cha kupima zile vali zinazofungwa kwenye majengo ili maji ya mtaa yakikatika yale ya mashine za dobi au za karakana yasirudi nyuma yakaingia kwenye bomba la maji ya kunywa, na kila vali lazima ipimwe mara moja kwa mwaka na ripoti iingizwe kwenye mfumo wa ofisi ya maji mtandaoni. Shemeji na kompyuta hawapatani, kwa hiyo yeye anapima, mimi najaza, na neno lake la siri ninalo mimi. Hunitumia namba kwa sauti ya WhatsApp spana ikiwa bado mkononi, "Shemeji, andika arobaini na nane nukta mbili, imepita, sharp," nami naandika.

Mfumo ule ni mkali Bi Zubeda, kisanduku kimoja kikibaki kitupu haukubali, picha ya vali isipokuwepo haukubali, na siku ya mwisho ya mwezi ikipita jengo linaandikwa limechelewa na mwenye jengo anampigia shemeji kumtukana. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2018 alikuwa amebakiza jengo moja la Hillbrow, gari likamharibikia Germiston na siku ndiyo ya mwisho, nikampigia nikamwambia namba sina, akanijibu, "Eish, shemeji, jaza kama za mwaka jana. Vali ile nimeifunga kwa mkono wangu, itakwenda wapi? Nitapita wiki ijayo." Nikajaza. Picha nikachukua ya mwaka jana nikaikata pembeni penye tarehe, na namba sikuziacha zilivyo, niliona zikifanana kabisa watu wa ofisini watashtuka, basi 48.2 nikaandika 48.6 na nyingine nikazigusa kidogo kidogo, na nikwambie ukweli, siku ile nilijiona mjanja. Mfumo ukaandika kwa rangi ya kijani kwamba ripoti imepokelewa. Wiki iliyofuata shemeji hakupita, wala wiki nyingine yoyote, na mimi sikuuliza.

Sasa Jumamosi nilikwenda kusukwa kwa rafiki yangu Hillbrow, nitamwita Denise, Mkongo wa Bukavu, anakaa ghorofa ya tatu na chini ya jengo lao kuna duka la dobi la mashine, na kwenye mfumo majengo yanaandikwa kwa namba ya kiwanja tu, kwa hiyo sikuwahi kuoanisha. Maji yalikatika Alhamisi kutwa yakarudi Ijumaa. Denise akanijazia glasi, nikaona povu linapanda, na harufu ni ile ya shuka zilizotoka kufuliwa. Akasema, "Dada, maji inatoka na povu tangu jana. Batoto tumbo inabauma, Benita ametapika mara tatu." Benita ana miaka minne, alikuwa amelala mkekani hata salamu yangu hakuiitikia.

Tukashuka kuuliza kwa dobi, dobi akatuelekeza uani tukaangalie bomba lake, na huko nikaona kibati kimening'inia, kina jina la kampuni ya shemeji na namba ya vali, ileile niliyoichapa kwa vidole vyangu hivi. Kibati kipo, vali hakuna. Pale ilipokuwa pameunganishwa kwa kipande cha bomba la plastiki na kufungwa kwa mpira wa tairi. Mlinzi wa jengo, naye Mkongo, akacheka, "Ile ya shaba? Baliikata mu Desemba, balienda kuiuza." Desemba, Bi Zubeda! Mimi nimeandika Machi kwamba imepimwa na imepita.

Denise akanishika mkono akaniuliza, "Dada, sababu gani unatetemeka?" Nikamwambia ni njaa. Nikamwambia achemshe maji kabla ya kuwapa watoto, nikakimbia na nywele nusu zimesukwa.

Mume wangu anasema ninyamaze, kaka yake yuko Durban, akirudi atafunga vali nyingine kimyakimya na hakuna atakayejua. Nikisema, shemeji atanyang'anywa cheti na ukoo mzima wataniambia fadhila za punda ni mateke. Nisiposema, yule mtoto namuona kila nikifumba macho. Jina la jengo unisamehe, siwezi kuliandika. Na Denise anasoma gazeti lako kila Ijumaa akisubiri wateja, huanzia nyuma kwenye mpira, kwa hiyo tafadhali nijibu kwa mafumbo. Nifanyeje?

Mchapaji, Mayfair

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nina miaka kumi na moja kwenye ukurasa huu, nimeletewa waume waliooa mitaa miwili kwa mpigo na bibi harusi aliyetoroka na mpiga picha, nikadhani nimemaliza. Kumbe ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Vali imekatwa Desemba, imeuzwa, imeyeyushwa, na mwezi Machi kwenye kompyuta yako imeongezeka nguvu!

Pole. Nasema pole kwa moyo, maana aliyekulaza sebuleni kwake mwaka mzima si mtu wa kumgeuka kirahisi, na ningekuwa wewe ningetetemeka vilevile. Lakini usinizungushe na gari la Germiston. Ungenakili namba za mwaka jana ningekuita mvivu. Wewe ulikaa kitako ukafikiri namna ya kumfanya mtu wa ofisini aamini, ukasogeza nukta, ukakata tarehe kwenye picha. Hapo hukusaidia shemeji, hapo ulidanganya kwa ufundi, na siku ile ulijua. Ndiyo maana hukumuuliza Burhani kama amepita. Uliogopa jibu.

Na hilo la kuchemsha! Nani kakwambia sabuni ya dobi inakufa kwa moto? Umemwacha Denise anawachemshia watoto povu akidhani anawatibu, kwa sababu wewe, rafiki yake, ndiye uliyemwambia. Hili limenikera kuliko nukta zako zote.

Sasa sikiliza, na ufuate kwa mpangilio huu. Nenda kwa Denise kwa miguu yako. Simu hapana, mtazame usoni umwambie maji yale hayanywewi, hayapikiwi, hayachemshwi, na Benita apelekwe kliniki leo, uende naye, umwambie daktari ni maji ya dobi ili asihangaike kubahatisha. Mkitoka hapo gongeni milango, ghorofa hadi ghorofa, na dobi afunge maji yake. Kisha piga simu ofisi ya maji, uwape namba ya kiwanja na namba ya vali, useme ripoti ya Machi ni ya uongo na aliyeichapa ni wewe. Usingoje waugundue wenyewe uongo huo kwenye mfumo. Wakikuuliza jina, taja.

Burhani mpigie ukiwa tayari uko kwenye ngazi za jengo, na umwambie "nimeshasema", usimuulize "niseme?" Atafoka. Mwache afoke. Cheti chake hakipotei kwa sababu ya mdomo wako, kama kitapotea basi ni kwa sababu alipima vali ya Hillbrow akiwa Germiston. Fadhila zake zipo na zitabaki, utamlipa kwa heshima, utamlipa kwa kumuuguza akizeeka, lakini hutamlipa kwa tumbo la mtoto wa mwenzio. Na neno lake la siri mrudishie, ajifunze kujaza mwenyewe.

Mumeo anasema hakuna atakayejua. Mwambie Bi Zubeda amemuuliza: je, yeye yuko tayari kwenda kunywa glasi moja pale ghorofa ya tatu wakati tunamsubiri kaka yake arudi? Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii maradhi si yenu.

Umeniomba nijibu kwa mafumbo. Nimekataa. Barua yako imenifikia Jumanne bila simu, bila jina, bila namba ya nyumba, nimezunguka ofisini kama mwendawazimu nikitafuta pa kukupata. Kwa kuwa umelificha jengo moja, nimemwomba mhariri aandike juu ya ukurasa huu, kwa herufi kubwa, kwamba yeyote anayekaa Hillbrow juu ya duka la dobi asinywe maji mpaka ashuke uani akaangalie kama vali ipo. Watu wengi leo watalala na kiu na hofu kwa ajili ya jina ambalo ungeweza kuliandika kwa kalamu ileile.

Nawe umeniambia Denise huanzia nyuma, kwenye mpira. Ukurasa wetu ni wa nne. Leo ni Ijumaa, gazeti analo mkononi, na mlango wake unaujua. Acha kusoma, mwanangu, kimbia ufike kabla hajaufikia ukurasa huu.