Viatu Ulivyomtumia Baba

Mwanangu Kathiravan,

Huko Chennai unakula ukashiba kweli? Mwandiko wangu usiucheke. Sisi hatujambo, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Viatu ulivyomtumia baba yako vilifika. Alivipenda mno, kila mara anavifuta vumbi kwa ncha ya shuka lake. Juzi akaenda navyo posta, kule mtaa wa watu wa tabaka la juu. Unajua watu wa tabaka letu tukifika pale tunavua, tunashika viatu mkononi. Yeye akapita navyo miguuni. Vijana wa kule wakamzuia: "We mzee, leo umekuwa bwana harusi?" Wakampiga, mwanangu. Mguu umevunjika, ila uji anakunywa, usihangaike.

Polisi walipokuja niliwaambia alisahau kuvivua, kwa vile ni vyepesi. Nilitaka tu yaishe, tusije tukachomewa nyumba. Baba yako akanisikia kutoka kitandani. "Mama Kathir," akasema, "usinisemee uongo. Sikusahau." Kesho wanarudi, naye atawaambia hivyohivyo. Nimemsihi, nimelia, hasikii.

Wewe usije sasa, nakuomba. Hasira zako nazijua, na mtoto wa kiume ninaye mmoja tu.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe, maana hakuna wa kumtuma. Viatu vya baba yako vinanipwaya, nimevijaza matambara mbele. Naogopa, lakini nikifika mtaa ule sitavivua.

Ni mimi mama yako,
Pechiyammal