Blanketi la Mapajani

Bupe uko hewani? Usinicheke. Ukicheka nakublock.

Lile blanketi langu la kufuma, lile la vinundu, limekanyagwa.

LIMEKANYAGWA Bupe. Miezi mitatu nafuma!

Sikia. Nimekaa karibu na mlango nipate upepo, blanketi mapajani, namalizia ukingo. Nikasikia hodi. Hodi kwangu! Huku Pugu, tangu Gladness wangu aolewe, anayepiga hodi ni msoma mita za maji tu. Nikainuka mbio, hata sikuona limedondoka.

Kumbe ni Bi Khulud, yule jirani wa geti jeusi, kaja na bakuli la visheti. Mvua imetoka kunyesha, miguu matope matupu. Akavua ndala, akaanza kujifuta. Taratibu kabisa. Kisigino, kisha kidole kwa kidole. Juu ya vinundu vyangu!

Eti, "Mashallah, kizulia chako kinasugua vizuri."

Kinasugua vizuri!!

Na mie nikajibu nini? "Karibu ndani."

Akakaa saa mbili nzima. Chupa ya chai imeisha, tunaongea tu. Wakati anaaga akasema Jumamosi atarudi nimfundishe kufuma "vizulia".

Wewe si uliniulizaga, joto lote hili blanketi la nini? Nilitaka tu kitu kizito kinilalie mapajani jioni.

Sasa nimelifua, liko kambani.

Likikauka nalirudisha palepale mlangoni.