Glavu Nyeupe za Bwana Nyaraka

Matiliku, Jumamosi, Agosti 1986

Na huyo ndiye mtaalamu wa nyaraka! Hospitali ya chuo kikuu, ile niliyouguzia watu mpaka nikastaafu, imemtuma hapa kukusanya picha za zamani. Ati wanaandika historia yao.

Kabla ya kugusa picha yangu ya siku za wodini alivaa glavu nyeupe za kitambaa. Akaniambia kwa sauti ya kufundisha watoto, "Mama, mafuta ya vidole huharibu picha."

Sawa. Nikaleta chai na chapati, nikashika jagi na beseni nimnawishe kama mgeni yeyote.

"Asante Mama, si lazima. Nina glavu."

Akala na glavu! Chapati mbili, mafuta yanang'aa mpaka kwenye ncha za vidole vya glavu. Kisha akachukua picha kwa vidole vilevile, akakandamiza kidole gumba juu ya uso wa rafiki yangu Syombua.

Sina picha nyingine ya Syombua. Tulianza kazi pamoja katika wodi ya kifua kikuu, na ugonjwa huohuo ndio uliomuua. Nimepangusa kwa pamba, lakini lile doa... Naogopa litakula uso wote.

Nilimnyang'anya. Akashangaa. "Mama, hapa nyumbani itaharibika. Kwetu itakuwa salama."

Salama! Nikamwambia picha haitoki hapa. Akavua glavu, akaondoka amenuna, akazisahau mezani.

Nimezifua kwa sabuni na maji moto, nimezianika. Akizirudia nitampa. Lakini atanawa kwanza.