Meza Moja, Samaki Mzima

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
Jumapili, tarehe 4 Mei.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako, ndefu kama kawaida yake. Natumai goti lako limeanza kuzoeana na ngazi za hospitali, na akina mama wa wodi yako wanakuachia nafasi ya kunywa chai ikiwa bado ya moto. Shemeji kifua chake kikoje? Na wale watoto wawili, bado wanabishana mpaka majirani wanagonga ukuta? Kama ndiyo, waache, ni damu ya kwetu hiyo. Huku sote tu wazima. Presha ya Mama imeshuka, ulimi wake haujashuka.

Utashangaa kupata barua ilhali tunapigiana simu kila wiki. Kwenye simu nakuuliza baridi, unaniuliza joto, tunaagana. Miaka minne sasa tumekuwa watabiri wa hali ya hewa. Nina jambo ambalo kwenye simu ungelikatiza kwa upole, na upole wako ndicho kitu pekee nisichokiweza.

Kwanza habari. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita Mama anatimiza miaka sabini na mitano. Tumekubaliana kumwandalia karamu ya samaki kwenye mkahawa wa hadhi, watu ishirini na wanne, ukoo mzima na wewe ukiwa umehesabiwa. Alipoulizwa anataka nini, mwanamke huyu aliyesimama miaka thelathini nyuma ya meza ya samaki sokoni alisema anataka kula samaki ambaye hakumpara kwa mkono wake, akiwa ameketi, na sahani akaoshe mtu mwingine. Nimesoma hotuba nyingi za haki za wafanyakazi. Hakuna iliyoyasema mengi kwa maneno machache hivyo.

Ikaundwa kamati: mimi, Kaka na wifi yetu. Wifi alikuja na jibu mkononi: mkahawa wa ghorofa ya tisa, ukuta wa vioo, mishumaa, wahudumu wanaonong'ona kana kwamba samaki ni mgonjwa aliyelazwa chumba cha pili. Nilimwuliza kwa nini kuna giza saa za chakula. Akasema mwanga hafifu ni staha. Nikamwambia sokoni mtu anayekuuzia samaki gizani ana sababu zake. Kaka, ambaye kazi ya kupima ardhi imemfundisha kusimama katikati ya wagombanao, akatazama saa.

Hoja yangu kubwa haikuwa mishumaa, ilikuwa meza. Pale kundi likizidi watu kumi hugawanywa meza tatu, ndiyo sheria yao. Sasa wewe unaujua ukoo wetu. Tukigawanywa meza tatu, kila mmoja ataketi na anayemtaka, atampungia mkono asiyemtaka, na tutarudi nyumbani tukisema tulikuwa pamoja. Nilisimama hapo. Meza moja, au tupike nyumbani.

Mkahawa wa pili niliuangusha mwenyewe kwa dakika tano. Mlangoni wana tangi la kioo lenye kaa waliofungwa magando, jambo la kutisha watoto. Nikaomba kumwona samaki wa siku. Meneja alicheka, kisha akaona sicheki. Wakamleta. Nikainua shavu, matamvua yalikuwa ya kahawia kama chai iliyolala. Nikabonyeza mgongo, alama ya kidole changu ikabaki pale pale ikinitazama. Nikamshukuru, nikaondoka. Binti wa muuza samaki haongezi maneno.

Wifi akadai haki: kama nimeukagua wa pili, basi na ghorofa ya tisa ionjwe, tena na Mama mwenyewe. Nikakubali, maana nilijua nitashinda. Tukapanda. Akaletewa sahani kubwa kama ungo, katikati kipande cha samaki cha pembe nne, cheupe, kimepambwa kwa jani moja. Mama alikizungusha kwa uma, akamwita mhudumu kwa kidole.

"Mwanangu, huyu alikuwa na uso?"

Yule kijana akaeleza kwa adabu kwamba vichwa huondolewa jikoni ili visiwasumbue wageni. Mama akamwambia mgeni anayesumbuliwa na uso wa samaki akale maharage. Hata wifi alicheka, akaficha kinywa kwa kitambaa. Nilijiona mshindi.

Dada, hapa ndipo barua yangu ilipokuwa ikija.

Wifi alibaki nyuma kuulizia keki. Mimi na Mama tukaingia kwenye lifti peke yetu. Alikuwa akitazama zile namba zikishuka, tisa, nane, akasema bila kunigeukia, "Kile kichwa ulikiweka pasipo pake."

Nikamwuliza kichwa gani, na mimi nilikijua. Akaendelea kutazama namba. Nikamwuliza mbona hakuniambia siku ile ile. Akasema, "Ulikuwa unaongea."

Kutoka ghorofa ya sita hadi chini nilihesabu namba tu pamoja naye. Iandike mahali.

Wewe unaikumbuka siku hiyo kuliko mimi, lakini acha niiseme kwa kinywa changu, maana hakuna aliyewahi kuisema. Ilikuwa mara ya kwanza tunakula samaki mzima tangu Baba atutoke. Kwetu kichwa kilikuwa chake, na kila mtu mezani alijua kwamba atakayewekewa sasa ndiye anayewekwa mahali pa Baba. Mimi ndiye nilikuwa nimebeba sinia. Nilikuwa nimetoka kuandika makala dhidi ya wanaume wanaorithi viti wasivyovifanyia kazi, na nilikuwa nikiisimulia huku natembea. Nikafika mezani, nikiwa katikati ya sentensi yangu nzuri, nikakiweka kichwa mbele ya Kaka.

Sikufikiri. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Ningekuwa nimefikiri nikakosea, ningeweza kubishana nawe leo. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwa mwanamume aliyekuwapo, na wewe mzaliwa wa kwanza ulikuwa umekaa kiti cha pili kutoka kwake.

Wewe uliyeacha shule ukiwa na miaka kumi na sita, Baba alipougua mgongo, ukasimama na Mama sokoni mpaka vidole vyako vikawa na alama za miiba kama kitambaa cha kuchomekea sindano. Wewe uliyerudi shuleni mtu mzima, ukaketi na watoto wadogo kuliko mimi, hadi ukawa mkunga. Wewe uliyenifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia samaki, kipande kwa kipande, kiasi kwamba hadi leo nikisoma habari nzuri husikia harufu ya magamba. Kila neno ninalolirusha vitani ulilitoa wewe kwenye karatasi iliyolowa.

Ulinawa mikono, ukasema umeshiba, na hukuwa umegusa hata tonge. Mwezi uliofuata ukaikubali ile kazi ya mbali uliyokuwa umeikataa mara mbili. Sote tukasema kazi imekuita. Ni uongo mzuri, nimeuishi miaka minne. Sasa nimeuchoka.

Sikuombi uniambie si kitu. Ukiniambia si kitu nitakuandikia barua ya pili, ndefu kuliko hii. Nilikosea, nilikukosea wewe, na naomba radhi bila kuweka "lakini" mbele wala nyuma.

Nilikwenda kwa Kaka siku iliyofuata, nimejiandaa kwa vita. Nilimkuta kwenye veranda akisafisha miguu mitatu ya kile chombo chake cha kupimia. Nikamweleza yote. Aliendelea kufuta udongo, nikadhani ameudhika. Kisha akaniambia kwamba kichwa kile hakukila. Alikidokoadokoa mpaka watu walipoinuka, akakipeleka kwa paka wa jirani.

"Nilikaa nacho kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenyewe stendi," akasema. "Miaka minne nasubiri mmoja wenu aje amchukue."

Nikamwuliza kwa nini naye hakusema. Akasema nyumba yetu ina msemaji. Dada, wiki hii nimepigwa na watu wa kwetu kuliko nilivyowahi kupigwa na maadui zangu wote wa magazetini.

Kwa hiyo nilipoanza kuutafuta mkahawa wa tatu nilikuwa najua ninachotafuta. Nimeupata. Uko ghorofa ya chini ya jengo lililokuwa posta, dari refu, madirisha makubwa, mwanga unatosha kusoma. Vitambaa vya meza ni vyeupe na vimepigwa pasi kwa mkono. Na katikati ya ukumbi kuna meza moja ndefu ya mbao. Nilikaa kiti cha kila upande nikihesabu. Ishirini na wanne, viwiko havigombani.

Mpishi mkuu ni mwanamke wa makamo, mkono wa kushoto una kovu la mafuta ya moto. Nilimwambia nataka kuona samaki. Hakucheka. Aliniingiza jikoni, akanifunulia tewa kwenye barafu, jicho angavu, limetuna, matamvua mekundu kama ndani ya kinywa cha mtoto. Nikabonyeza, nyama ikarudi juu kabla sijaondoa kidole. Akaniuliza mama yangu alikuwa na meza namba ngapi sokoni. Watu wa kazi hujuana.

Nikamwambia nataka tewa mzima, aletwe mezani na kichwa chake. Akasema kwa watu ishirini na wanne mmoja hatoshi hata awe mkubwa vipi, watakuwa wawili. Hapo nikakwama. Vichwa viwili! Mimi niliyekuja kunyoosha jambo moja, nimelipata la pili. Kaka nikamtoa kwenye hesabu kabla sijamwuliza, maana nilijua angehama mji.

Nikampelekea Mama swali hilo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Cha pili ni changu," akasema. "Nimeuza vichwa miaka thelathini, nimewapelekea wengine sahani miaka hamsini. Hakuna hata kimoja kilichowahi kunitazama mimi."

Basi imepangwa hivyo, na wifi ameridhia, tena ndiye aliyechora nafasi za kuketi. Amechora vizuri kuliko ambavyo ningechora mimi. Mama ncha moja ya meza, wewe ncha ya pili, sisi wengine katikati tukiwatazama kushoto na kulia kama watu wanaovuka barabara. Mabinamu wawili wameshanipigia simu kuuliza kwa nini Kaka haketi mbele. Nimewajibu. Hawatapiga tena.

Na sinia lako nitalibeba mimi. Mpishi alisema wahudumu wake wanaweza, nikamwambia najua wanaweza. Nitatoka jikoni, nitapita nyuma ya viti vyote kumi na kimoja vya upande mmoja, na safari hii sitakuwa naongea.

Omba likizo mapema, usiniletee habari za zamu. Wakunga wenzako wana mikono. Chumba chako kwa Mama kimefagiliwa, godoro limeanikwa, na Kaka amejipa kazi ya kukupokea uwanjani. Anasema atashika bango lenye jina lako, wewe zuia kama unaweza.

Nisalimie Shemeji, mwambie dawa ya kifua ni kuacha kuvaa viatu vya wazi kwenye baridi, asibishane nami. Wasalimie watoto, waambie mama yao mdogo amewatengea viti viwili vilivyo mbali, kwa usalama wa meza. Mama anakusalimu. Kaka anakusalimu mara mbili. Wifi anauliza kama bado hupendi vitunguu. Mungu akulinde kwenye ngazi, barabarani na angani, akulete kwetu ukiwa na njaa.

Mpishi aliniuliza kitu kimoja nilipokuwa natoka. Aliuliza itakuwaje kama mgeni wa ncha ya pili hatafika. Nikamsimulia jinsi ulivyokuwa ukidokoa jicho moja jikoni kabla kichwa hakijamfikia Baba, na jinsi Baba kila mara alivyokigeuza, akaguna, akasema samaki wa bahari hii wote ni chongo, na asikutazame. Mpishi akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaahidi hakuna mkono utakaomgusa tewa wako.

Njoo, Dada. Safari hii atafika mezani na macho yote mawili.

Mdogo wako akupendaye, hata anapopinga,

Pilipili