Mkono wa Eedo Ndani ya Tangi

Jumamosi, 11 Januari 2025

Limefika! Deeq fundi wa vioo na vijana wake wamelishusha kutoka kwa pikapu kama wanaobeba mgonjwa. "Bole bole!" anawapigia kelele. "Kioo si mbao!" Futi tatu kwenda juu, mbili kwa urefu, moja na nusu kwa upana. Deeq akaniuliza kama kweli ni la samaki ama la kutundikia nguo. Nikamwambia kona yangu ya sebule haina nafasi ya kulala, ina nafasi ya kusimama tu.

Nuh akapiga simu kutoka Masalani, kazini. Anacheka. Tangi refu, mke mfupi — chini utafika vipi? Nitapanda stuli, nikamjibu.

Ofisini wamenicheka pia. Kazi yangu ni kupima maji ya visima. Wiki hii tu nimeandika "chumvi imezidi" kwa visima viwili vya upande wa Bura. Wazee walinitazama kama mimi ndiye niliyeitia hiyo chumvi. Na sasa nataka kuchukua maji matamu niyakoroge chumvi nyumbani kwangu. Kwa makusudi! Lakini tangu nilipoona mwamba wa Watamu nikiwa chuo, maji yakiwa yamekupwa, na vile viumbe vya matumbawe vimefunguka kama maua — basi. Miaka tisa nalitaka tangi hili.

Alhamisi, 16 Januari

Mchanga nimeuosha mara kumi na tisa. Mgongo hauna kazi tena. Maji yamepita kwenye chujio, chumvi ya pakiti kutoka Nairobi nimekoroga, kipimo thelathini na tano sawasawa. Jana maji yalikuwa meupe kama ya maziwa ya unga. Leo asubuhi — kioo! Mawe yale makavu yanaonekana mpaka chini.

Sasa ni kungoja. Bakteria wakae kwanza kwenye mawe, wale uchafu, ndipo samaki waje. Wiki nne hivi. Nimekaa saa nzima natazama maji matupu. Nina furaha, sijui hata ya nini.

Jumatatu, 20 Januari

Mama yake Nuh ameingia leo kutoka Kutulo. Goti limemsumbua tangu mvua iishe, daktari amempa miadi mbili hapa Garissa. Atakaa kwetu. Nuh yuko Masalani mpaka mwisho wa Februari, kwa hiyo ni mimi na yeye.

Ni mrefu, huyu mama! Anainama kwenye mlango wangu. Mimi namwita Eedo, yaani shangazi, kwa heshima. Yeye kwa miaka sita ananiita "mke wa Nuh".

Alisimama mbele ya tangi, akachovya kidole, akaonja. Akatema. Astaghfirullah! Akauliza ni nani aliyeharibu maji mengi namna hii. Nikaeleza. Akauliza hao samaki watakaokuja wanaliwa? Hapana. Wana maziwa? Hapana, Eedo. Akaenda kuswali.

(Yeye husema Kisomali tu. Mimi naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kushika kalamu nayo.)

Jumapili, 26 Januari

Eedo anasema chai yangu ni nyepesi. Mkate wangu wa anjera ni mzito. Feni ya tangi inampigia kelele. Maji ya kuoga yana joto, maji ya kunywa yana baridi.

Nimempigia Guled, kifunguamimba wake, Kutulo. Nimemwambia mama anaendelea vizuri, miadi ya pili ikiisha aje amchukue. Guled alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi.

Amonia, ile sumu ya uchafu majini, bado iko juu.

Jumamosi, 8 Februari

Amonia sifuri! Nimerudia kipimo mara tatu.

Halafu msiba. Pampu ndogo ya kusukuma maji imeng'oka kwenye kioo, ikatumbukia nyuma ya mawe, ikaanza kuchimba mchanga. Maji yakachafuka yote. Nikazima stima, nikapanda stuli, mkono ukaingia mpaka kwapani — wapi! Vidole vinaelea juu ya pampu, shibiri nzima imebaki. Nikajaribu mwiko. Nikajaribu waya wa nguo. Nikakaa chini nikakaribia kulia.

Eedo alikuwa anatazama tangu mwanzo, tasbihi mkononi. Akaiweka kando. Akainuka polepole na lile goti lake, akakunja mkono wa dirac mpaka begani, akasema bismillahi. Mkono ukaingia, ukaingia, ukaendelea kuingia. Bila stuli! Shavu lake limegusa ukingo wa kioo, macho amefumba. Akasema ameshatafuta miguu ya ndama ndani ya tumbo la ngamia, giza tupu, mama anapiga mateke. Hiki kwake ni kitu gani!

Akaitoa. Mkono unachuruzika.

"Nyingine iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia ni hiyo moja tu. Ni kama alisikitika.

Tukapanga mawe upya. Mimi nje ya kioo naelekeza — kushoto, Eedo, kidogo tu, hapo — na yeye anaweka. Kwa muda wa saa mbili. Alikataa kupumzika mpaka jiwe kubwa lilipotulia bila kutikisika.

Jumapili, 16 Februari

WAMEFIKA! Samaki wawili, rangi ya machungwa, mistari myeupe, kwa basi la Mombasa. Na tumbawe moja laini, dogo kama kiganja cha mtoto, kutoka kwa mtu wa Kilifi anayeyaotesha kwa leseni. Boksi lilifika likiwa bado baridi, alhamdulillahi.

Mfuko ulielea juu ya maji nusu saa ili wazoee joto. Eedo akanikataza kuharakisha. Akasema hata mbuzi mgeni humwagi zizini moja kwa moja.

Ameshagundua kwamba mkubwa anamsukuma mdogo. Mimi nilikuwa sijaona. Kila samaki amepewa jina la ngamia wake wa zamani, na sitaweza kuyaandika yote maana ni marefu kama yeye.

Jioni tumekula pamoja tukitazama tangi. Eedo alikula anjera mbili. Alichukua ya tatu.

Ijumaa, 21 Februari

Nimechoka lakini lazima niandike.

Stima ilipotea saa tatu asubuhi. Betri ya tangi inashika kwa muda wa saa tatu, haizidi. Mimi niko kazini, simu imekufa, sina habari. Nje ni digrii thelathini na tisa. Nimefika nyumbani saa nane mchana — nasikia wimbo kutoka mlangoni. Sauti ya Eedo, nene. Ule wimbo wa kunyweshea ngamia kisimani.

Amesimama kando ya tangi, jagi mkononi. Anachota, anainua juu kabisa, anamwaga kutoka huko ili maji yaingie na hewa. Anachota, anainua, anamwaga. Wimbo unampa mwendo. Sakafu yote maji. Jirani yetu Kaltun anakimbia mlangoni na chupa za barafu kutoka hoteli ya mtaani.

Betri ilipokufa, akasema, aliwaona wote wawili wamepanda juu wanahema. Mnyama anayehema hivyo anataka hewa, hilo halihitaji shule. Na barafu? Aliziacha chupa zimefungwa, zikaelea hivyo hivyo. Alijua sitaki maji mengine yaingie kwa sababu ameniona nikipima, nikipima, kila siku nikipima.

Mwezi mzima nilidhani ananitazama ili apate la kulalamika!

Nikapokea jagi. Akalirudisha mkononi mwake baada ya dakika kumi — mimi namwaga kutoka chini mno. Stima imerudi saa kumi na nusu. Kipimajoto kilikuwa kimefika thelathini na moja, kikaanza kushuka. Samaki wote wawili wazima. Tumbawe limejikunja kama ngumi.

Goti la Eedo limefura kama papai. Nimelikanda na barafu iliyobaki. Alilala akiwa ameshika jagi.

Jumamosi, 22 Februari

Tumbawe limefunguka! Vidole vyote!

Nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia kuhusu simu niliyompigia Guled. Niliongea nikiwa nafuta kioo ili nisimwone uso.

Akasema anajua. Guled alimwambia siku ile ile, akidhani ni habari njema.

Nikauliza kwa nini hukusema kitu, Eedo?

"Ningesema nini? Nilikuwa mgeni mbaya," akasema. "Hata mimi ningepiga."

Tukacheka mpaka akashika goti. Halafu akaniuliza kama tumbawe lile huzaa, na huzaa vipi. Nikamwambia unakata kipande, unakiweka kwenye jiwe lingine, kinakua. Akasema mwanamke ana bahati mbaya kwamba hakuumbwa hivyo.

Jumanne, 25 Februari

Guled yuko sebuleni. Amekuja na pikapu, anataka waondoke baada ya alasiri. Daktari amemwachilia mama jana, hakuna sababu ya kubaki. Chumba kimeshapakwa chokaa. Watu wa Kutulo wanamuuliza ni vipi mama anakaa kwa mtoto wa mwisho na kifunguamimba yuko hai. Ana haki, Guled. Ni mtu mzuri, amekuja njia yote hiyo, vumbi mpaka kwenye kope.

Eedo hakufungasha hata shuka. Alikuwa analisha samaki, chembe moja moja, hakugeuka. Guled akauliza mara mbili. Mara ya tatu akamjibu bado anatazama maji:

"Muulize mwenye nyumba."

Guled akanigeukia. Mwenye nyumba! Mimi! Nilitazama nyuma kama kuna mtu mwingine.

"Ifrah walaal, dada yangu," akasema, kwa upole, "usione haya. Umechoka naye ama hujachoka? Nuh ameniambia neno ni lako."

Nikasema chai itamwagika. Nikakimbilia jikoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la unga. Nikisema abaki, Guled atarudi Kutulo na kiti kitupu, na watu watamwona hivyo. Nikisema aende, ataenda, hatabisha. Namsikia Eedo huko anamwambia Guled asogee, amezuia mwanga wa samaki.

Chai imechemka. Nimezima jiko. Naenda kumjibu: sijachoka.