Madoa ya Manjano Uani kwa Dobi

Jumatatu, 5 Aprili 1954
Mvua bado. Uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena. Asubuhi nimefungua kibao kinachofunika mzinga wangu wa nyuki hapa dirishani, kama kawaida. Niliutengeneza mwenyewe nilipostaafu ualimu: kioo upande wa chumbani, mlango wa nyuki upande wa nje, juu ya uwanja ambao jirani yetu Mbaraka dobi anaanika nguo. Kitanda kimesogezwa karibu. Natazama nikiwa nimelala.

Nyuki wachanga wananing'inia kwa kushikana miguu, kama mnyororo. Wameshiba asali na hawafanyi kitu. Kumbe hiyo ndiyo kazi. Chini ya matumbo vinawatoka vigamba vya nta, vyembamba, vyeupe. Nyuki hukichomoa kimoja kwa mguu, akakitafuna, akakibandika kwenye sega. Nta haichumwi mauani. Inatoka mwilini.

Jingine: ndani hamna kinyesi hata tone. Wanajizuia mpaka watoke nje. Leo hakuna aliyetoka.

Alhamisi, 8 Aprili
Jua adhuhuri, mara ya kwanza wiki hii. Nyuki wakatoka wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya kamba za Mbaraka, wakarudi wepesi. Kanzu zimejaa vitone vya manjano. Mbaraka alikuwa ndani anapiga pasi, hakuona. Mimi niliona.

Ijumaa, 9 Aprili
Kelele chini ya dirisha. Mbaraka alifua tena zile kanzu, lakini pasi imeyakaza madoa. Bi Tausi, mama wa bwana harusi wa mtaa wa pili, amezirudisha.

"Mbaraka, mwanangu anaoa au anauza bizari?"

"Wallahi, Bi Tausi, nilizianika nyeupe!"

"Nyeupe za wapi? Labda nyeupe za kwenu."

Watu wakacheka. Mke wangu Salma alicheka kuliko wote.

Nimenyamaza. Nikisema, mzinga utachomwa moto. Sina kingine cha kutazama.

Jumatatu, 12 Aprili
Mvua, kisha jua, kisha madoa. Wateja wengine wamechukua nguo zao.

Mbaraka alikuja kuniogesha. Wanangu wako mbali, Salma hawezi kuninyanyua, kwa hiyo yeye ndiye hunibeba. Hakuna aliyemwomba. Amebadilisha sabuni, amebadilisha kisima, amesoma Yasini. Akiwa ananifuta mgongo akasema, "Mwalimu, nimefanyiwa. Kuna mtu ana husuda na mikono yangu." Anataka kwenda Mapinga kwa mjomba wake, akalime mihogo. Babake alikuwa dobi. Babu yake pia.

Nikamwambia subira ina heri. Basi. Nimeona haya, na bado sikusema.

Jumatano, 14 Aprili
Mjusi aliingia mzingani akaumwa akafa. Maiti ya nyuki mwenzao huivuta mpaka mlangoni wakaitupa nje. Mjusi ni mzito. Wamempaka ulimbo, ile gundi wanayoikusanya mitini, mwili mzima, kuanzia mkia. Hanuki. Masega yanaendelea kujengwa pembeni yake.

Nimelala vibaya.

Ijumaa, 16 Aprili
Kila Shaaban Salma huitoa sanda yangu sandukuni ipate jua. Marehemu kaka yangu aliniletea kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya Zamzam. Leo aliianika uani kwetu. Mvua ilikuwa imekatika, nyuki wakatoka.

Aliingia nayo mikononi, akakaa sakafuni. "Na sisi tumefanyiwa. Mtu anataka uzikwe na uchafu." Kisha akamtaja Mbaraka. Eti analipiza kwa kuwa alimcheka. Kesho atatuma mtu Ubena akamlete mganga.

Hapo nikasema. "Ni mavi ya nyuki."

"Nyuki gani?"

"Wangu."

"Na ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Alitoka na sanda begani. Chakula cha usiku nililishwa na jirani.

Jumamosi, 17 Aprili
Nilimwita Mbaraka, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Sitaki kufa na haki ya mtu. Hakupiga kelele. Aliinamia kioo cha mzinga, akawatazama nyuki.

"Radhi nitakupa, Mwalimu. Lakini mimi sikutukanwa chumbani. Nilitukanwa uani."

Alikuwa na haki. Alasiri wakanitoa na kitanda changu, wakaniweka chini ya kamba zake. Bi Tausi akaitwa, na wateja wengine. Nikasema mbele yao: madoa ni ya nyuki wangu, nilijua, nilinyamaza kwa kuupenda mzinga. Sauti ilikuwa ndogo. Ilibidi nirudie.

Bi Tausi hakuamini. Nyuki wana adabu, alisema, wametajwa ndani ya Kurani, hawawezi kunyea kanzu ya harusi. Kabla hajamaliza, tone likamdondokea begani. Manjano.

"Bi Tausi," akasema Mbaraka, "na wewe siku hizi unauza bizari?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Tausi naye. Kisha akamwomba Mbaraka radhi, na Salma akafuata. Mbaraka akaja kitandani, akanishika mkono. "Nimekusamehe, Mwalimu, duniani na akhera."

Mzinga lazima uondoke. Hakuna aliyebisha, hata mimi.

Jumatatu, 19 Aprili
Shemeji yangu ameupeleka mzinga Fukayosi, na mjusi wake ndani. Dirisha liko wazi. Kwenye ukingo vimebaki vigamba vichache vya nta. Nimekiweka kimoja kwenye ulimi. Hakina ladha.

Mbaraka ameniogesha. Kisha akaleta sanda, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Salma akamwambia sanda haipigwi pasi. "Niache nayo, dada," akasema. "Hii ndiyo nguo pekee ambayo mwenyewe harudi kulalamika."

Nimecheka. Kifua kimeuma.

Kabla ya kuifungia sandukuni alifungua pindo moja, akanionyesha doa lililokataa kutoka. Aliuliza kama alifue tena.

Nimemwambia liache.

Mvua imeanza. Nguo zake ziko ndani.