Mlio Wanaousikia Wote Isipokuwa Mimi

Mogitu, Jumamosi jioni. Kumepoa. Mlima umejifunika wingu tangu asubuhi, sijauona kutwa nzima. Lori liko uani, limeshatengenezwa, na mimi nimekaa sebuleni na chai, nimetulia kuliko nilivyotegemea. Nina aibu kidogo pia. Bora niandike sasa hivi, maana aibu ikishaisha nitaanza kujipamba.

Nimeendesha lori miaka ishirini na moja. Napakia maharage na vitunguu saumu Tumati, nashusha Katesh. Madereva wenzangu huniita Sikio, kwa sababu zamani ukiniletea gari bovu nilikuwa nasimama pembeni, nafumba macho, nakutajia ugonjwa wake kabla hujafungua boneti. Jina hilo nililipenda mno. Ndilo lililoniponza.

Wiki mbili zilizopita, nikitoka Tumati, nilimpa lifti bibi mmoja aliyekuwa na gunia lake la maharage. Hatujafika mbali akaniambia gari langu linalia kama ndama aliyeachishwa kunyonya. Nikatega sikio. Nikasikia injini, nikasikia bodi ikigongagonga, basi. Nikamjibu kwa adabu zote: ndiyo bibi, nausikia, ni mkanda wa feni tu umelegea.

Nilidanganya. Sikusikia kitu.

Toka hapo kila niliposimama mtu alinitajia huo mlio. Mlinzi wa ghala la Katesh alisema ni mwembamba, unaingia mpaka kwenye meno. Nikakaza mkanda. Wakasema bado. Nikanunua mkanda mpya. Bado. Kila nikimaliza kazi nawasha injini, halafu badala ya kusikiliza naangalia nyuso za watu. Mtu akikunja uso, najua sijafanikiwa. Kuna siku hapakuwa na mtu, nikamwangalia mbwa. Akasimamisha masikio, akaondoka zake. Fundi gani anapima gari kwa mbwa?

Wiki hizo hizo Paskalina, mke wangu, akanieleza kwamba majirani wanasema nimeota mapembe. Binti wa jirani, yuko darasa la tatu, ameniamkia shikamoo siku tatu mfululizo na mimi nikampita kama nguzo. Huku kwetu mtu mzima asiyeitikia shikamoo ya mtoto, watu wanauliza alilelewa wapi. Nikamwambia Paskalina nilikuwa na mawazo. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Halafu ikaja Alhamisi. Nilikuwa nashuka na mzigo, na kwenye kona kulikuwa na mzee anavusha ng'ombe. Alinipigia mluzi nikiwa mbali, akapiga tena na tena. Nilikanyaga breki nilipomwona ndama, si niliposikia mluzi. Lori lilisimama ndama akiwa karibu na bampa kiasi cha kuilamba. Nikashuka na kumwamkia yule mzee. Akaitikia, hakunitukana. Aliniuliza tu kama mimi ni mzima, maana mluzi wake huwa unafika mpaka ng'ambo ya bonde. Nikasema breki zilichelewa kushika.

Nikalisingizia lori. Breki zake ni nzima kabisa.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na ndama, na nashukuru alikuwa ndama. Barabara ile ile watoto hutembea kurudi kutoka shule.

Leo asubuhi nikamwita Paskalina uani. Nikamwambia afunge kitenge vizuri, kisikaribie feni. Nikawasha injini, nikachukua bisibisi ndefu na kumwonyesha: ncha unaigusisha kwenye chuma, karibu na puli, mpini unauweka sikioni, na ile sauti ya ndani itapanda mpaka kwako. Akaishika bisibisi, akanitazama.

"Si wewe ndiye Sikio? Kwa nini nisikilize mimi?"

"Mama Neema, huo mlio mimi siusikii. Sijausikia hata siku moja."

"Najua, Baba Neema," akasema. "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Akainama, akaanza kusikiliza. Kwenye altaneta akatikisa kichwa. Pampu ya maji, vilevile. Alipofika kwenye puli ndogo inayokaza mkanda akarudi nyuma ghafla na kushika sikio. Nikazima injini, nikautoa mkanda, nikaizungusha ile puli kwa mkono. Ilikwaruza kama ina mchanga ndani. Beringi yake ilikuwa imekwisha. Mkanda niliouhukumu na kuutupa haukuwa na kosa lolote.

Nilichukua bodaboda hadi Katesh, nikapata beringi, na kufika saa nane nilikuwa nimeshaifunga. Nikawasha. Paskalina akatabasamu. Jirani naye akasema kupitia kwenye uzio kwamba sasa limenyamaza. Nimekubali neno lao. Kwangu mimi lilikuwa limenyamaza siku zote.

Nilipokuwa nanawa mikono ndipo nikaanza kukumbuka mambo. Ni muda mrefu sasa Paskalina haniiti akiwa nyuma yangu. Anakuja mpaka mbele, ananigusa bega, ndipo anasema. Nilidhani ni mapenzi ya kuelekea uzeeni. Nafikiri bado ni mapenzi.

Funguo za lori nimempa yeye. Mwenye lori nimemwandikia ujumbe kwamba atafute dereva mwingine mpaka nipimwe masikio, na nimemweleza ukweli kuhusu Alhamisi. Hajajibu. Inawezekana nisirudi tena kwenye usukani, na hakuna kazi nyingine ninayoijua vizuri. Hilo linaniogopesha sana.

Jumatatu tunaenda hospitali, mimi na Paskalina. Vipimo siviogopi. Najiogopa mwenyewe. Nimezoea kuitikia kwa kichwa, na daktari akiniuliza kama nasikia, kichwa kitakubali kabla sijafikiri. Kwa hiyo tangu saa kumi nimekaa hapa najizoeza neno moja tu: sisikii. Nimelisema mara tatu. Sikuwa na hakika kama lilitoka kwa sauti au ni midomo tu, lakini Paskalina amekuja kutoka jikoni kuniuliza naongea na nani, kwa hiyo nadhani lilitoka.